Khutba: Wajibu Wetu kwa Mlevi Aliyetubu

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu Waislamu, mlio hapa msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu na zenu kumcha Mwenyezi Mungu.

Uharamu wa pombe hauhitaji khutba nyingine. Mtoto wa chuoni anaijua hukumu yake, iliyomo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Tutakalo leo ni jambo ambalo mimbari zetu hulipita upesi: tumfanyie nini mwenzetu aliyekwisha naswa, siku anapokuja kutuambia kwamba ametubu?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, siku mbili kabla ya Ramadhani, mvuvi mmoja wa hapa Nyasho alitujia akasema ameacha gongo. Alikuwa akinywa kila siku, tangu asubuhi, kwa miaka mingi. Tulifurahi, tukamwombea dua, tukamwusia subira. Usiku wa pili tukaitwa nyumbani kwake. Tulimkuta akitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka, akiona wadudu ukutani na kuzungumza na watu tusiowaona. Nduguze walikuwa wamekwisha mfunga kwa kamba ya nyavu. Tulisoma mpaka alfajiri, tukawaambia jamaa kwamba majini yamekasirika kwa sababu ametubu. Kulipopambazuka akaanguka kifafa. Aliyemwokoa ni jirani, mama Mkristo aliye muuguzi. Aliuliza swali moja tu, ambalo sisi hatukuliuliza: "Amekunywa lini mara ya mwisho?" Akafunguliwa, akapelekwa hospitali, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu akapona.

Baadaye tulikwenda kuuliza, na madaktari wakatufahamisha. Ubongo wa mtu anywaye sana kila siku huzoea kutulizwa na pombe, nao hujikaza kushindana nayo. Pombe ikikatwa ghafla, mkazo ule hubaki bila cha kuuzuia. Kutetemeka huanza aghalabu baina ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa huweza kuja ndani ya siku 2. Kuweweseka na kuona visivyokuwapo huja aghalabu siku ya 2 mpaka ya 4, na mtu huweza kufa. Si kila anayeacha hupatwa na haya. Khasa ni yule aliyekunywa sana kwa muda mrefu. Hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Kurani imewataja. Tunachokanusha ni haraka yetu ya kuwatwisha kila ugonjwa tusioujua.

Asije mtu akasema kwamba tumemruhusu mlevi aendelee. Aache, lakini aache mikononi mwa mganga wa hospitali. Huko hupewa dawa ya kumtuliza, mathalan diazepamu, kwa siku chache na kwa kipimo kinachopungua, pamoja na vitamini B1. Zipo nyumba zilizokataa dawa hiyo kwa hoja kwamba nayo ni kilevi. Hoja hii haisimami. Dawa anayoitoa tabibu kwa kipimo, ili kumwondolea mtu madhara, ni matibabu, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Wala kutibu akili si bidaa ya wageni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kilichounganisha afya ya mwili na afya ya nafsi. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili.

Tuseme basi mtu amevuka siku hizo na amerudi nyumbani. Nani atakaa naye? Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi maskini na za kipato cha kati, zaidi ya watu 75 katika kila 100 wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Kwa muda mrefu utafiti mwingi ulifanywa katika nchi tajiri, ambako wataalamu si haba kama kwetu. Siku hizi umeanza kufanywa kwa watu walio kama sisi. Huko Goa, India, wanaume 377 waliokuwa wakinywa kwa kiwango cha hatari waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongezewa mazungumzo na washauri wasio madaktari, yasiyozidi vikao vinne hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: baada ya miezi mitatu, waliotoka katika hatari walikuwa 36 kwa 100 katika kundi hilo, na 26 kwa 100 katika lile jingine. Faida hiyo si kubwa, nasi hatutaikuza. Lakini watu kumi katika kila mia ni baba kumi waliorudi kwa watoto wao. Hapa jirani, Eldoret nchini Kenya, washauri wa namna hiyo hiyo walikaa na vikundi vya wanywaji wakizungumza nao kwa Kiswahili, na unywaji ulipungua. Na Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi wamejaribu mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa, chini ya jina Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Katika mazungumzo hayo mtu hatukanwi. Sisi je? Akiingia mtu ambaye jana alionekana kilabuni, safu humkunjia uso. Ni kweli kwamba aliyelewa haikaribii swala mpaka ajue asemalo. Hukumu hiyo ni ya swala. Haikutupa ruhusa ya kumfukuza akiwa na akili zake. Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara nyingi kwa ajili ya ulevi. Adhabu ilipita, lakini mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Kwa hiyo, anayejijua kwamba hunywa kila siku na sasa ataka kuacha, asingoje mkesha wa Ramadhani. Aje mapema tufuatane naye hospitali. Nanyi jamaa, msimfunge mtu kamba. Hesabuni saa tangu alipokunywa, mkamweleze daktari. Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, mkimbilieni hospitali. Kumsomea kusiachwe, ila kusiicheleweshe safari.

Leo baada ya swala wazee wawili watabaki karibu na mahali pa kutawadhia. Hawataandika jina la mtu. Mvuvi yule, kwa idhini yake mwenyewe, atakaa pamoja nao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwetu na kwenu.