Diski ya Kukata Kioo Kinene
(Maneno aliyosema mwanachama wa Bungoma mbele ya wanachama wa Kitale)



Nimetoka Bungoma kuja Kitale kwa neno moja tu, nalo ni diski ya kukata kioo. Msicheke. Katika karakana moja nilimofanya kazi, kijana wetu alipasua kioo cha meza cha unene wa milimita 12, na diski ikaharibika. Msimamizi akasema, "Utalipa vyote viwili." Kijana akatia sahihi kwa woga. Hakuna aliyeuliza ile diski ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa ya kukatia matofali.

Kioo hakikatwi kwa meno kama mbao. Kioo chembamba huchorwa mstari, kisha huvunjwa. Lakini kioo kinene, hasa ukitaka kona ya ndani, huweza kukatwa kwa diski ya chuma yenye chembe za almasi ukingoni. Chembe hizo husaga.

Basi mkichagua, tazameni haya. Ukingo uwe mzima, usio na mapengo, kwa maana diski ya mapengo ni ya mawe na saruji, nayo humegua kioo. Chembe ziwe ndogo. Spidi iliyoandikwa juu ya diski isiwe chini ya spidi ya mashini. Tundu likae sawasawa kwenye shafti, na mshale ufuate mzunguko.

Tena, kioo kilichoimarishwa kwa moto, kama baadhi ya vioo vya madirisha ya magari, hakikatwi kabisa. Ukikigusa kwa diski chote hugeuka punje. Tafuta alama pembeni kabla ya kuanza.

Wakati wa kukata, maji yasikome. Bila maji kioo hupasuka kwa joto, almasi huharibika, na vumbi huingia mapafuni. Lakini msimwagie maji grainda ya mkono ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, umeme utawaua. Msikandamize. Diski ikiwa butu, kateni jiwe laini la kunolea mara chache, kwa maji. Chuma kinachoshika almasi kitalika kidogo, na chembe mpya zitatokea. Mkimaliza, osheni tope, kausheni, tundikeni. Diski iliyopinda au yenye ufa, itupeni.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, huruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali yake ambayo mfanyakazi ameifanya kwa makusudi. Diski kuchakaa kazini si makusudi. Kupewa diski ya matofali ukakate kioo si makusudi yako. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na penye wafanyakazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama. Je, hapa kwenu ipo?

Yule kijana alikatwa mshahara miezi mitatu kabla ya kutuambia. Alidhani kosa ni lake. Ndugu zangu, kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, mwiteni katibu wa tawi. Na kabla ya kuwasha mashini, someni maandishi ya diski.