Mlango wa Mahakama Usifungwe Tena

Ndugu waumini, ndugu wapigania haki,

Kila tunapouliza kwa nini msitu umekatwa au mapito ya wanyama yamezibwa kwa ua, tunapewa majibu mawili: hazina haina fedha, na maendeleo hayawezi kungoja. Leo tuyapime majibu hayo kwa mizani ya sheria.

Mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa amedhurika yeye binafsi. Hivyo mali ya watu wote ikakosa mtetezi mbele ya sheria. Jengo hilo halikujengwa, lakini si kwa hukumu. Raia walipaza sauti na wafadhili wakajitoa.

Katiba ya 2010 iliufungua mlango huo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Wakazi wa Lamu nao walisimama imara, na Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa waweza kurudishwa kimyakimya. Zamani rufaa ikifika mbele ya jopo hilo, kazi ilisimama hadi uamuzi utolewe. Sheria ikarekebishwa, sasa mlalamishi sharti aombe amri ya kuisimamisha. Mti ukishaanguka, hakuna hukumu itakayouinua.

Na fedha je? Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hutegemea sana ada za wageni mbugani. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia safari, mapato hayo yaliporomoka, ilhali tembo hakuacha kuhitaji mlinzi. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ijitahidi kufikisha miti kwenye asilimia 10 ya ardhi ya nchi, au zaidi. Wajibu wa Katiba hauwezi kuachiwa kiingilio cha mtalii.

Basi tufanye nini? Kila parokia na kila tawi liteue watu wawili wa kusoma matangazo ya miradi magazetini na katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuyaandika yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Maoni yetu yafike kabla ya muda kwisha. Leseni ikitolewa isivyo haki, rufaa iwasilishwe ndani ya siku 60, pamoja na ombi la kusimamisha kazi. Na bajeti inapojadiliwa mbele ya umma, tuwepo, tuulize walinzi wa misitu wametengewa nini.

Mlango huu ulipatikana kwa jasho na machozi. Tusipoutumia, wataufunga, nasi tutakuwa tumesimama nje tena.