Mtoa Figo Si Mgonjwa

Upasuaji wa kumtoa mtu figo ili apewe ndugu yake si kama upasuaji mwingi: anayelala mezani haumwi chochote. Tangazo la Januari 2025 kwamba mituweli, bima ya afya ya jamii nchini Rwanda, italipia upandikizaji wa figo limefurahisha wengi, na ni haki yao kufurahi. Lakini gumzo lote limekuwa juu ya anayepokea. Anayetoa amesahauliwa tena.

Hata upasuaji ukifanywa kwa matundu madogo, figo hutoka nzima, kwa hiyo ngozi huchanwa kiasi cha kuipitisha. Hapo bakteria hupata mlango. Zamani wapo waliodhani mwenye afya hana haja ya dawa ya kinga. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoa figo karibu 300 umeonyesha vingine. Kati ya waliopewa dozi moja ya antibiotiki kabla ya kupasuliwa, takriban robo walipata maambukizi. Kati ya waliokosa, takriban wanne katika kila kumi.

Dozi moja, na kwa wakati wake. Muuguzi huyeyusha unga wa antibiotiki, tuseme sefazolini, huuingiza mshipani, huandika saa kwenye fomu, ndipo ngozi huchanwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linaelekeza dawa itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kuchanwa, wala isiendelezwe upasuaji ukiisha. Kuiendeleza siku kadhaa "kwa usalama" hakuongezi kinga. Kunalea usugu wa dawa. Tena dawa kama gentamisini zaweza kudhuru figo, na mtoa figo amebakiwa na moja tu.

Nchini Rwanda upandikizaji wa figo ulianza Hospitali ya King Faisal, Kigali, mwaka 2023. Mtoa figo anayetoka Rusizi atarudi kwao kwa gari, akikatiza msitu wa Nyungwe na kidonda kibichi. Kikitunga usaha, atakayekiona kwanza ni muuguzi wa kituo cha afya, si daktari aliyempasua. Na hapo tena mtoa figo husahauliwa.

Asisahauliwe! Hospitali ziandike saa ya dozi, na dozi ikishatolewa ziishie hapo. Vituo vya afya vipewe maelezo ya maandishi kuhusu kila mtoa figo anayerudi nyumbani. Mituweli igharamie matibabu ya kidonda chake sawasawa na ya mpokeaji. Nazo familia ziulize mapema, kabla ya kutia saini: huyu anayetoa, nani atamwangalia?