Kiroba kimoja, kamanda!



Mwaka jana kibanda changu cha biashara kilivunjwa. Mtaji ukaisha. Nikabaki na viroba vitupu kumi tu nyuma ya nyumba. Nikavitoboa chini, nikajaza udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikapanda mchicha. Wadudu walipokuja sikununua sumu: nilitwanga majani ya mwarobaini, nikaloweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo, nikanyunyiza jioni. Maganda ya jikoni sichomi tena, naozesha mboji. Maji ya kuoshea mboga ndiyo namwagilia. Wiki ya nne nikachuma.

Jamani, mwenye njaa kura yake inanunuliwa kwa kilo ya unga. Mwenye mboga yake hatishiki kirahisi. Anza na kiroba kimoja, leo leo!