Mtoto Asiyeweza Kusoma Anatudai Haki





Tume ya Haki na Amani imezoea kuzungumza nanyi juu ya mashamba yaliyonyakuliwa na mishahara iliyozuiliwa. Leo naomba tuitazame dhuluma itendekayo kimya kimya madarasani na majumbani mwetu.

Mtoto ninayemsema mnamfahamu. Ukimtuma dukani, chenji haipungui. Hadithi aliyosimuliwa jana anaikumbuka yote. Lakini mpe kitabu: herufi b anaichanganya na d, silabi anaziruka, na mstari mmoja unamtoa jasho. Ameambiwa arudie darasa. Amechapwa. Ameitwa mvivu, na majirani wananong'ona kwamba amerogwa.

Iko hali iitwayo disleksia. Si laana, si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mwenye hali hiyo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti zake, na mara nyingi hali hii hurithiwa katika ukoo. Mwaka 1896, daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa hodari katika hesabu na michezo, lakini kusoma kulimshinda. Mwalimu wake alishuhudia kwamba, kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angewapita wenzake wote. Zaidi ya miaka mia moja imepita, nasi bado tunachukua kiboko.

Wazazi, msidanganyike mtoto anapofika mwisho wa ukurasa wa Kiswahili kwa kujikokota. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa, hivyo huweza kusoma kwa usahihi lakini polepole mno. Akifika kwenye Kiingereza, ambamo maandishi na matamshi hayapatani, ndipo anapoanguka kabisa. Kule kujikokota kulikuwa ishara tayari.

Sasa, haki yake ni ipi? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kumkinga na ukatili na adhabu zisizo za kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa nyuma darasani au kufukuzwa shuleni. Basi mzazi anayekwenda kwa mwalimu mkuu kumwombea mtoto msaada asiende kama mwomba sadaka. Anadai deni.

Aanzie wapi? Kwanza, mtoto apimwe macho na masikio hospitalini, ili tusilitafute mbali tatizo lililo karibu. Pili, mzazi aketi na mwalimu, waandike pamoja mambo yanayomshinda mtoto na yale anayoyaweza. Tatu, wampeleke kwenye Kituo cha Tathmini na Nyenzo za Elimu, kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itawaelekeza kilicho karibu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, tangu mwaka 1986 imekuwa ikifunza walimu wa kazi hii. Nne, ripoti ya tathmini itunzwe vizuri. Mapema kabla ya usajili wa mitihani ya kitaifa, mzazi amwulize mwalimu mkuu juu ya utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama vile kuongezewa muda.

Hata kabla ya tathmini, ziko nyenzo zisizohitaji fedha. Mtoto aandike herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Apange silabi kwa vizibo vya chupa: ba, be, bi, bo, bu. Asomewe kwa sauti kila jioni. Vipindi viwe vifupi, na vya kila siku. Mwalimu amkubalie kujibu kwa mdomo, wala asimsimamishe asome mbele ya wenzake wanaocheka.

Ndugu zangu, Musa alipoitwa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumvua utume kwa sababu hiyo. Alimpa Haruni awe msemaji wake. Waisraeli wakatolewa Misri na mtu aliyehitaji msaidizi. Katika kila kigango yumo mtoto anayemngoja Haruni wake: mwalimu mstaafu awezaye kumsomea, kijana wa sekondari mwenye nusu saa, jirani wa kumsindikiza mama asiyezijua ofisi.

Kwa hiyo naziomba jumuiya, kabla ya kikao kijacho, kila moja imtafute mtoto mmoja aliyeacha shule kwa kushindwa kusoma, iwatembelee wazazi wake, na kuwasindikiza hadi kituo cha tathmini. Msipeleke mahubiri. Pelekeni nauli, na mkae nao kwenye foleni.