Zawadi ya Mama



Tunapokwenda kumwona mama yetu aliyezeeka, wengi wetu hununua mkate, sukari na maji ya matunda. Tunapeleka kwa upendo, naye hupokea kwa furaha. Leo tujiulize: je, zawadi hii inaufaa moyo wake?

Mwanamke akishakoma hedhi, hatari ya presha na maradhi ya moyo huongezeka. Matunda ni rafiki wa moyo huo. Chungwa lina potasiamu, ambayo husaidia kuteremsha presha, nazo nyuzinyuzi zake husaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu. Lakini tukilikamua, nyingi za nyuzi hizo hubaki kwenye makapi. Tena, ni nani hula machungwa manne kwa mara moja? Kuyanywa ni rahisi. Gilasi moja yaweza kuwa na sukari ya vijiko vitano vya chai, ingawa hatukuongeza hata chembe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2015, lilihesabu sukari hiyo pamoja na ile tutiayo katika chai, likasema ingefaa jumla yake isizidi vijiko sita hivi kwa siku.

Liko pia jambo la balungi. Mwaka 1991 David Bailey na wenzake wa Kanada walitangaza kwamba maji yake huzidisha nguvu za felodipini na nifedipini, dawa za presha. Mama aweza kushikwa na kizunguzungu, akaanguka.

Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba watoto wajifunze kwanza kuwatunza wazazi wao nyumbani. Utunzaji huo hutaka muda wetu kuliko fedha zetu. Tuketi na mama. Tumwulize anameza dawa gani, na daktari alimwambia nini juu ya balungi. Tumpeleke kupimwa presha. Tumpelekee machungwa na mapapai, tummenyee, tule pamoja naye. Kama meno yamekwisha, tumpondee papai kwa uma. Wala tusimnyang'anye kikombe chake. Gilasi ndogo pamoja na chakula inatosha.

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuwaona mama zetu wangali pamoja nasi, na mikono ya kuwatumikia. Amina.