Nyumba Iliyoungua: Tuijenge Upya kwa Njia Gani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Lumakanda



Tangu mashamba ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960, wazee wetu walilima mahindi na kufuga ng'ombe katika ardhi hii. Siku hizi fedha za mahindi, pensheni za walimu na mikopo ya ushirika zinageuzwa kuwa mawe na zege. Wenzetu wanajenga nyumba za ghorofa za kupangisha, hapa kwetu, Turbo na hata Eldoret. Nyumba moja yaweza kuwa ndiyo akiba yote ya ukoo, na kodi yake ndiyo karo ya watoto. Basi nyumba hiyo ikiungua, mwenyewe hushikwa na haraka ya kurudisha wapangaji. Juu ya haraka hiyo ndipo tunapotaka kusema leo.

Iko desturi ya kukwangua masizi, kupiga lipu mpya na rangi, kisha kutangaza vyumba. Desturi hii ni ya hatari. Zege likipashwa joto kupita nyuzi 300 za Selsiasi huanza kudhoofika, na mara nyingi hugeuka rangi ya waridi. Joto likifika kama nyuzi 600, limekwisha kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Vyuma vilivyomo ndani navyo hulegea vikiwa vya moto, na si vyote vinavyorudia nguvu zao vikipoa. Lipu mpya huficha yote hayo. Mpangaji ataona ukuta mweupe, na watoto wake watalala chini ya boriti iliyokufa.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza, watu wasiingie, na sakafu zitegemezwe kwa nguzo za muda. Kifusi kisiondolewe mpaka polisi na watu wa bima wamekwisha kutazama. Pili, aitwe mhandisi aliyesajiliwa. Yeye hugonga zege kwa nyundo na kusikiliza sauti yake, hutazama rangi na nyufa, na hukata vipande vya kupimwa katika maabara. Kisha hugawa nyumba katika mafungu matatu: sehemu za kusafishwa tu, sehemu za kuimarishwa, na sehemu za kubomolewa. Tatu, waya za umeme zilizopitiwa na moto ziondolewe zote. Nne, michoro ipelekwe kwa serikali ya kaunti ipate kibali, nayo kazi iandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Na tujifunze kwa wengine. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, jirani zetu wa Buganda waliunguliwa na nyumba kuu ya makaburi ya Kabaka huko Kasubi, Kampala. Waliijenga tena kwa desturi zao, wakaongeza vyombo vya kuzima moto ambavyo wazee wa zamani hawakuwa navyo. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilikuwa miaka 13, nao hawakuona haya kwa kukawia.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Mjini London jengo la Grenfell Tower, lenye ghorofa 24, lilitengenezwa upya na kuvikwa mapambo ya nje. Kazi ilimalizika mwaka 2016. Tarehe 14 Juni 2017 moto ulianza katika jiko moja, ukapanda kwa mapambo yale yale, na watu 72 wakafa. Matengenezo yaliyokusudiwa kuipendeza nyumba ndiyo yaliyoulisha moto. Kwa hiyo atengenezaye nyumba asiulize bei na uzuri tu. Aulize pia kitu hiki kikiwaka kitafanya nini.

Wengine husema, "Ajali haina kinga." Twawajibu kwa methali nyingine ya wazee: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ngazi ya pili ya kutokea, madirisha yasiyofungwa kwa vyuma bila mlango wa dharura, na mitungi ya gesi iliyowekwa penye hewa, hivyo vyote ni kinga.

Basi twaleta mbele yenu mambo matatu. Mwanachama yeyote asirudishe wapangaji katika nyumba iliyoungua kabla ya kupata maandishi ya mhandisi. Mfuko wa chama umsaidie mwanachama kulipa ada ya uchunguzi, ili umaskini usiwe sababu ya kuficha ufa. Na wapangaji waliounguliwa warudishiwe amana zao upesi, maana wao nao wamepoteza kila kitu, na wengi wao ni watoto wa ndugu zetu.

Kodi ya miezi michache yaweza kupatikana tena. Uhai wa mtu haupatikani tena.